Mzigo Hula Mchana: Safari ya Kasindi, Beni na Butembo

Shanta niliyoichukua mwezi wa Februari 2020, nilipotoka Mombasa kwenda Butembo, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, kuhudhuria arusi ya binti wa rafiki yangu wa miaka mingi, tajiri wa vitenge ambaye shehena zake hushukia katika bandari yetu ya Kilindini kabla ya kupanda barani, haikufika kilo saba; nalijua hilo kwa yakini kwa sababu niliipima katika mizani ya muuza mchele jirani yangu siku moja kabla ya kuondoka, na kila kilichozidi nikakirudisha nyumbani. Ndani yake mlikuwa na kanzu ya arusini, nguo za kubadili mara mbili, sweta la sufu, dawa za malaria, kipande cha sabuni, daftari, na kikoi kimoja ambacho kwa mtu wa pwani ni taulo asubuhi, shuka usiku, na msala wakati wa sala. Viatu nilikuwa navyo miguuni, vya kufunga kamba, vya mtu anayejua kwamba huenda akalazimika kutembea.

Sikuzaliwa na adabu hii. Nilifunzwa na hasara. Miaka saba kabla ya hapo, katika mpaka mwingine wa nchi hizi za Maziwa Makuu ambao sina haja ya kuutaja, nilifika saa nane za mchana nikiburura sanduku la magurudumu lenye nguo za wiki tatu, vitabu, zawadi za watoto wa wenyeji wangu na pasi mbili za umeme nilizoagizwa na mtu. Kwa kuwa sanduku lilikuwa kubwa, lilifunguliwa. Na kwa kuwa lilifunguliwa, kila kitu kiliulizwa thamani yake. Na kwa kuwa sikuwa na stakabadhi za vitu vile, tulihojiana mpaka jua likapunga, hata nilipopewa ruhusa ya kupita magari ya mwisho yalikwisha kwenda zake. Nililala katika chumba kisichokuwa na komeo, na alfajiri nilipoamka sanduku halikuwapo, wala pasipoti yangu, ambayo kwa kughafilika nilikuwa nimeiweka katika mfuko wa kifuniko chake. Siku kumi na moja zilipita kabla sijapata hati ya dharura ya kunirudisha kwetu. Katika siku hizo nilipata wasaa wa kuyapima yaliyonifika, nikaona kwamba mwizi alikuwa wa mwisho tu katika mlolongo ule. Kilichoniangamiza hasa ni zile saa za mchana zilizoliwa na sanduku.

Mzigo hula mchana, na katika njia itokayo Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, hadi Beni, mchana ndio ulinzi wa kwanza wa msafiri. Tangu Oktoba 2014 viunga vya Beni vimeonja mauaji ambayo kalamu huona uzito kuyaandika, ya watu waliokatwa mapanga majumbani mwao na mashambani mwao, mengi yakihesabiwa kuwa ni kazi ya ADF, kundi la waasi lililoanzia Uganda na kujificha misituni upande wa Kongo. Kwa hiyo dereva wa huko hana haja ya kufundishwa na mtu yeyote habari za usalama: huondoka asubuhi, huwauliza wanaotoka mbele namna njia ilivyoamka, na abiria anayemchelewesha kwa kufunga na kufungua mabegi juu ya paa la gari humtazama kwa jicho la mtu anayeona maisha yake yakipotezewa wakati. Sikumwona hata mmoja kati yao anayependa kuwa barabarani jua likiwa limeelekea magharibi.

Sisi watu wa pwani tuna ukumbusho mchungu wa madhara ya mizigo katika nchi hizo hizo. Mwaka 1887 mpelelezi Stanley alipokwenda kumtafuta gavana Emin Pasha, akiwa na mamia ya wapagazi walioandikwa Unguja, kila mmoja kichwani mwake mzigo wa karibu ratili sitini, alifika Yambuya, katika mto Aruwimi, akaona kwamba mizigo ni mingi kuliko vichwa vya kuibeba. Basi akaenda mbele na kundi moja, akaliacha kundi la pili chini ya Meja Barttelot likae na masanduku mpaka wapagazi walioahidiwa na Tippu Tip wawasili. Walikaa pale karibu mwaka mzima. Njaa, maradhi na viboko viliwamaliza. Barttelot mwenyewe aliuawa Julai 1888. Na Stanley aliporejea mwezi uliofuata, akawakuta Banalya, wengi wa wale vijana wa Unguja walikuwa wamekwisha kufa. Waliosalia ndio waliopita mwaka 1889 katika bonde la Semliki, chini ya milima ya Ruwenzori, wakatokea Bagamoyo mwezi wa Desemba. Kila nisomapo habari hizo hunijia fikira ile ile, kwamba watu wale hawakufa vitani. Walikufa wakilinda masanduku ya mtu mwingine, na majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Kwa kuyajua hayo nililala Kasese, upande wa Uganda, kwa makusudi, ingawa gari la kwenda mpakani lilikuwapo jioni ile ile, nikaondoka kabla ya mapambazuko na kufika Mpondwe asubuhi. Hapo mto Lubiriha ndio mpaka, na kuuvuka ni kuvuka mambo zaidi ya mto: magari yaliyokuwa yakienda kushoto huanza kwenda kulia, Kiingereza hugeuka Kifaransa, na saa hurudi nyuma saa nzima, hata mtu aliyetoka Mpondwe saa tatu hujikuta Kasindi saa mbili na dakika chache. Saa hiyo moja niliipokea kama sadaka. Watu hawagawanyiki na mto ule kama serikali zao. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo ni jamaa wamoja, na mama aliyeniuzia ndizi mbivu ng'ambo moja, na yule aliyeniuzia maji ng'ambo ya pili, wote wawili walinishukuru kwa neno moja, *wasingya*.

Ofisini sikukaa sana. Pasipoti ilikuwa kifuani, pamoja na ile kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu mwaka 2016 ni halali kwa maisha yote ya mwenye kuchanjwa na ambayo Kongo haina msamaha kwa asiyekuwa nayo. Nakala ya kila karatasi nilikuwa nimemwachia mke wangu, na nyingine nimeishona ndani ya bitana ya shanta. Afisa mmoja alifungua shanta, akaona kikoi na kanzu, akaifunga. Kamera nilikuwa nimeiacha Mombasa, kwa kuwa mpakani, madarajani na karibu na askari picha moja yaweza kumgeuza mgeni kuwa mtuhumiwa, na kwa sababu hiyo hiyo sikuvaa wala kuchukua kitu chochote chenye rangi za kijeshi. Fedha zilihitaji uangalifu wa namna yake. Dola ya Marekani hutembea Kongo kama fedha ya nyumbani, lakini noti iliyochanika ukingoni, hata kwa upana wa ukucha, hukataliwa na kila mtu toka tajiri hata mwenye kibanda. Kwa hiyo zangu zilikuwa zimelazwa baina ya kurasa za daftari, hazikukunjwa, faranga za matumizi ya njiani zilikuwa katika mfuko wa shati, na akiba ilikuwa kibindoni, mahali ambapo babu zetu waliiweka.

Kabla ya kupanda gari tulinawa. Yapasa nilieleze hili vizuri, maana msomaji wa miaka ijayo huenda akasahau hali ilivyokuwa. Agosti 1, 2018 serikali ya Kongo ilikuwa imetangaza ugonjwa wa Ebola katika nchi ya Beni, na mpaka utangazwe kwisha, Juni 25, 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamekufa, hesabu ambayo katika historia yote ya ugonjwa huo imepitwa na ile ya Afrika ya Magharibi peke yake. Mimi nilifika maradhi yakiwa yamefifia sana, na nilikwenda baada ya kushauriana na daktari na mwenyeji wangu kwa majuma. Kila mahali penye kizuizi gari lilisimama, abiria wote tukashuka, tukanawa mikono kwa maji ya klorini, tukapitishiwa kipimajoto pajini mwa uso mmoja mmoja, ndipo tukapanda tena. Mwenye mtoto mgongoni, furushi kichwani na kuku mkononi aliteseka kila mara, akiweka chini na kuinua, akiweka chini na kuinua. Nami nilivaa shanta yangu mgongoni na mikono yote miwili ilikuwa huru. Homa ndogo tu ya mafua ingetosha kunizuia siku nyingi, wala nisingenung'unika, kwa sababu waliosimama pale juani na vile vipimajoto walikuwa wakilinda roho za watu katika nchi ambayo wenzao wamepigwa na hata kuuawa kwa kazi hiyo hiyo.

Njia ya Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 hivi, na wakati ule ilikuwa vumbi jekundu juani na utelezi mvuani. Hupita ukingoni mwa hifadhi ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925 na ambayo ni mkongwe wa mbuga zote za taifa katika Afrika, kisha hupita Bulongo, huvuka Semliki, na mkono wa kulia, mawingu yakikubali, theluji ya Ruwenzori huonekana juu ya migomba. Sikuiona. Nilikuwa nikitazama mashamba ya kakao yaliyosimama kando ya njia, mazuri, yenye matunda yaliyoiva juu ya mashina, na jirani yangu garini, mwalimu wa shule, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mengine hayana mtu wa kuyavuna.

Beni tulifika mchana ungali mkubwa, na hapo ndipo mwenyeji wangu aliponipigia simu kutoka Butembo akaniambia neno moja, ngoja. Kesho yake mji ungefungwa kwa mgomo ule ambao wenyeji wameuzoea kwa jina lake la Kifaransa, *ville morte*, ambapo maduka hayafunguliwi, pikipiki hazibebi mtu, na vijana huweka mawe na matairi njiani kwa uchungu wa ndugu zao waliouawa. Mtu aliyefungwa na mizigo huona kungoja ni adhabu, kwa kuwa ana hesabu ya tikiti, na ya zawadi zitakazooza, na ya gari alilokwisha kulilipia. Mimi nilikuwa na sabuni, kikoi na siku tatu za ziada nilizoziweka katika safari yangu kama vile wengine wanavyoweka suruali za ziada. Nikangoja siku mbili katika nyumba ndogo ya wageni, nisitoke nje ya ua.

Mama aliyekuwa mpishi wa nyumba ile alikuwa mkimbizi wa upande wa Oicha. Aliponiletea sombe, yaani kisamvu, na ugali jioni ya kwanza aliitazama shanta iliyotundikwa ukutani, akaniuliza, “Papa, vitu vyako njo hivi tu?” Nikamwambia ndivyo. Akacheka kidogo, akasema kwamba hata mimi nimechukua vingi. Kisha, akiwa amekaa juu ya kizingiti kwa heshima, akanisimulia kwamba nyuma ya mlango wa chumba anachokodi kuna furushi ambalo halifunguliwi, nalo limefungwa katika kitenge: kadi yake ya mpiga kura, ambayo katika nchi yao ndiyo kitambulisho cha raia, karatasi za shule za watoto, sufuria moja na chumvi ndani yake, na blanketi. Mara ya kwanza walipokimbia, akasema, alijaribu kuchukua godoro, na godoro lile likamchelewesha mpaka akamsikia jirani yake akilia, lakini yeye mwenyewe alipona. Tangu hapo kipimo chake ni kimoja. Kitu kisichobebeka kwa mkono mmoja hukiacha, kwa kuwa mkono wa pili ni wa mtoto.

Nimeyasikia maneno mengi juu ya elimu ya kufunga mizigo, katika viwanja vya ndege na katika vitabu vya wasafiri, lakini sijasikia neno lililonikaa kama hilo, na kila mara nilikumbukapo huona haya kulinganisha wepesi wangu na wake. Wangu niliuchagua, nikaupima katika mizani ya mchele. Wake aliufunzwa usiku, na watu wenye mapanga. Ikiwa kuna mwalimu wa usalama wa safari katika Afrika yetu hii, basi ni mama yule na maelfu walio kama yeye, ambao hakuna aliyewauliza.

Siku ya tatu njia ilifunguliwa, nikapanda gari la alfajiri. Beni hadi Butembo ni kilomita 54 tu, lakini ni za kupanda, na kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyopoa, migomba ikapungua, mikaratusi ikasimama vilimani, na abiria wakaanza kujifunika. Butembo iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na mgeni husadiki kwamba atakuta joto. Kumbe mji umekaa juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka baharini, na jioni yake humtetemesha mtu wa Mombasa. Sweta lile, ambalo mke wangu alikuwa amelitia shantani mara mbili nami nikalitoa mara mbili, ndilo kitu nilichokitumia kuliko vyote.

Mji huo umejengwa na biashara yenyewe. Wanande wa Butembo, katika miaka ambayo serikali ilikuwa mbali nao, walichangishana kutengeneza barabara, na dayosisi yao ya Kikatoliki ikafungua mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Graben. Na matajiri wao, wengi walioanza kwa mboga, kahawa na baiskeli, leo huenda Dubai na Guangzhou kama mimi niendavyo Malindi. Nilikuwa nimedhani watu hao husafiri kwa fahari. Rafiki yangu alinionyesha mkoba anaokwenda nao China: mashati mawili, dawa ya shinikizo la damu, futi ya fundi cherehani, na vipande vya vitenge vya kulinganisha rangi. Fedha hazibebi, hutangulia mbele yake kwa njia ya benki na ya watu wanaoaminiana. Bidhaa hazibebi, huingia katika kontena anayochangia na wenzake wanne au watano, huvuka bahari, hushuka Mombasa, hupita Kampala na Kasindi, na humfikia nyumbani. Wala siku yake ya safari haambiwi mtu asiyehusika: majirani husikia kwamba atakwenda mwezi ujao, naye yuko njiani tangu juzi. “Ndugu,” aliniambia, “mimi nikiondoka, kinachoondoka ni macho na daftari.”

Aliniusia pia jambo ambalo sikudhani litanihusu, nisibebe kitu cha mtu nisiyemjua, hata kikiwa barua, kwa kuwa amewaona vijana wa Afrika ya Mashariki wakiozea katika magereza ya ng'ambo kwa ajili ya kifurushi walichoombwa kukifikisha kwa hisani. Arusi ilipokwisha, nayo ilikuwa arusi tamu, watu wakisalimiana kwa viwiko na kucheza mpaka alasiri tu ili kila mtu alale kwake mapema, nikarudi Beni, na katika ua wa ile nyumba ya wageni bwana mmoja mwenye adabu alinijia, akasema amesikia nakwenda Kampala, akanipa kiboksi kidogo kilichofungwa kwa gundi nimpelekee nduguye. Nilikipokea mkononi nikasikia uzito usiolingana na ukubwa wake. Nikakirudisha kwa mikono miwili, nikamwomba radhi, na usiku ule nikamwomba mama mpishi anihamishie chumba cha ndani. Sijui kilikuwa na nini, wala sikutaka kujua.

Tangu safari ile mambo yamegeuka kwa namna nyingi. Mwezi wa Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi ya kutengeneza njia ile ya Kasindi na ile ya Butembo. Mei ya mwaka huo huo jimbo likawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Novemba majeshi ya nchi mbili yakaanza kuwasaka waasi pamoja. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka uliofuata Kenya ikawaondolea Wakongo viza, hata rafiki yangu sasa huja Mombasa kwa pasipoti tu na ule mkoba wake. Lakini mauaji hayajakoma vijijini, na yule mama, kwa habari nilizoletewa, furushi lake lingali nyuma ya mlango.

Basi wewe msomaji, ukiwa na haja ya kweli ya kwenda kwa ndugu zetu hao, lala Kasese, vuka daraja la Lubiriha mapema asubuhi, beba kitu kinachotosha mkono mmoja, na mwenyeji wako akikwambia ngoja, usimwulize mara mbili.